Rudi Kama Mtoto, Si Kama Kibarua

Mafungu ya kusoma: Luka 15:11–32, Mathayo 18:23–35, Filemoni yote

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome mafungu hayo kwanza. Filemoni ni ukurasa mmoja tu, usiogope. Jarida hili likisomwa bila Biblia linabaki kuwa gazeti.

Umesoma? Haya.

Kila mtu aliyelelewa Kibera anajua njia ya nyuma. Kuna njia ya mbele, ile inayopita kwa mwenye duka, na kuna njia ya nyuma, ile unayotumia ukiwa na deni lake. Mama amechukua unga na sukari kwa daftari, mwezi umeisha, pesa haijapatikana. Sasa wewe ukitoka shule unazunguka kwa mtaro, unaruka maji taka, unapita nyuma ya vyoo, ili tu usionane na mtu ambaye hata hajakuita. Nilifanya hivyo nikiwa mtoto. Deni lilikuwa shilingi 120. Nilizunguka wiki tatu. Siku moja mwenye duka mwenyewe akanipata huko nyuma, akaniuliza, "Kijana, mbona siku hizi kwenu hamnywi chai?" Deni alikuwa analikumbuka, hilo usidanganyike, lakini alikuwa ametukosa sisi kwanza.

Wiki hii nataka tuzungumze na watu wa njia ya nyuma: wale waliokuwa kanisani, wakatoka, miaka ikapita, na sasa ni watu wazima wenye watoto na kodi ya nyumba, na ndani yao kuna kitu kinasema rudi. Najua baadhi yenu mnasoma jarida hili kwa sababu mke au dada ameliacha mezani. Karibu sana. Nataka pia tuzungumze na sisi tuliobaki, maana mara nyingi ni sisi tunaomfanya mtu azunguke kwa mtaro.

Mimi mwenyewe nilikaa nje miaka kumi. Nimewahi kulisema hilo madhabahuni kwa ufupi, lakini sijawahi kulisema lote. Mchungaji kiongozi ameniambia niliandike lote, basi nimeandika.

Madaftari mawili

Nililelewa katika kanisa dogo la mabati kule Mashimoni, si hili letu. Mwaka wa 2009 nilikuwa na miaka 18, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa mweka hazina wa vijana. Kanisa lilikuwa linachangia ujenzi, na kila familia ilikuwa imetoa ahadi. Jumapili moja mzee wa kanisa alisimama na karatasi akasoma: jina, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilicholipwa. Jina la Mama lilikuwa karibu na mwisho. Ahadi, elfu tano. Kilicholipwa, sufuri. Hiyo sufuri ilisemwa kwa kipaza sauti. Mama alikuwa anafulia watu nguo kule Lang'ata, na mwezi huo alikuwa amelala na taifodi wiki mbili. Hakusema neno. Aliangalia viatu vyake. Mimi nikainuka nikatoka nje, na sikurudi ndani.

Hiyo ndiyo hadithi niliyowapa watu miaka yote. Nikiwa chuo kikuu nikisomea biashara, mtu akinialika kwa ushirika wa wanafunzi nilikuwa naitoa kama kitambulisho. Ni ya kweli, neno kwa neno. Lakini ni nusu.

Nusu ya pili ni kwamba wiki hiyo nilikuwa nimeshika pesa ya kesha la vijana, shilingi 4,300. Sikuirudisha. Nilijiambia nitairudisha hasira ikiisha. Halafu mwaka uliofuata nikaitwa chuo, pesa ikaingia kwa nauli, kwa picha za pasipoti na kwa jozi moja ya viatu. Kwa hiyo nilikuwa nadai na nadaiwa. Wapendwa, ukitaka kujua kwa nini mtu anakaa nje miaka mingi hivi, usisikilize tu alichokosewa. Mara nyingi kuna madaftari mawili, na anakuonyesha moja.

Si kila mtu ana hadithi kama hiyo, na dawa si moja. Wako waliotoka mapema mwaka wa 2008, wakati Kibera ilikuwa inawaka, kwa sababu mtu waliyeshiriki naye meza ya Bwana alinyamaza, au alifanya vibaya kuliko kunyamaza. Hapa Kawangware wengine walipitia mambo hayo tena Oktoba 2017 baada ya uchaguzi wa marudio. Mtu kama huyo hakupoteza imani kwa Mungu. Alipoteza imani kwa jirani wa kiti. Usimhubirie juu ya kusamehe kabla hujamuuliza ni nini kilimpata.

Wako pia waliotoka bila kugombana na mtu yeyote. Makanisa yalifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Yalipofunguliwa Julai, mnakumbuka masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na mlangoni aingie tu mwenye miaka kati ya 13 na 58. Sheria ilikuwa na sababu yake. Lakini fikiria mama wa miaka 60 ambaye hajakosa Jumapili tangu aolewe, anaambiwa na kijana aliyemfundisha Sunde Skuli kwamba hawezi kuingia. Wengine walirudi masharti yalipolegezwa. Wengine walikuwa wameshazoea: Jumapili ikawa siku ya kufua. Kwa hawa usiite mapepo. Wapigie simu.

Na wako waliotikiswa na Shakahola mwaka wa 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika ule msitu wa Kilifi, na aliyeshtakiwa alikuwa akijiita mhubiri. Mtu mzima akirudi leo akauliza, "Nani anamsimamia mchungaji wenu? Hesabu za sadaka ziko wapi? Mnafundisha nini juu ya hospitali na shule?" huyo si mkaidi. Ana akili ambayo Mungu alimpa. Mjibu, na umwonyeshe karatasi.

Hotuba iliyokatizwa

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kudai madeni. Nilikuwa katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, na siku nzima nilikuwa napigia simu mafundi na wenye maduka waliochukua saruji na misumari kwa mkopo. Mambo mawili nilijifunza huko ambayo hayakuwa kwenye vitabu vya chuo. La kwanza: anayekimbia sana si yule mwenye deni kubwa. Mwenye deni kubwa anakuja ofisini mnajadiliana. Anayebadilisha laini ya simu ni yule wa elfu tatu, kwa sababu huyo hakimbii deni, anakimbia aibu. La pili: mteja aliyepotea, ukimpigia ukamuuliza kwanza kazi inaendeleaje na watoto wako vipi, kisha ukanyamaza, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayetaja deni.

Sasa turudi kwa Luka 15. Yule kijana akiwa huko kwa nguruwe anatayarisha hotuba, na hotuba yenyewe ina sehemu tatu. Ya kwanza, nimekosa. Ya pili, sistahili tena kuitwa mtoto wako. Ya tatu, basi niajiri. Mimi kama mtu wa biashara hiyo ya tatu naielewa sana. Ni mpango wa malipo. Anataka mshahara ili apunguze deni pole pole, na anataka umbali pia, maana kibarua analipwa jioni na kwenda zake, hakuna anayemuuliza moyo wake uko wapi. Linganisha mstari wa 19 na mstari wa 21. Anafika, anasema ya kwanza, anasema ya pili, halafu baba anaanza kuita watumishi walete nguo. Ile ya tatu haikutoka mdomoni. Ombi la kazi halikupokelewa.

Wengi tunaorudi tunakuja na ile sehemu ya tatu mfukoni. "Mungu, nitakuja kila kesha. Nitatoa fungu la kumi mara mbili. Nitafagia." Kufagia ni kuzuri, viti vyetu vinajaa vumbi la Naivasha Road kila wiki. Lakini ukifagia ili ulipe, utafagia mpaka uchoke, na ukichoka utatoka tena, na safari hiyo ya pili kurudi ni kugumu zaidi.

Angalia ile hesabu ya Mathayo 18. Yule mtumishi alidaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ndiyo ilikuwa malipo ya kibarua ya siku. Piga mwenyewe: siku milioni 60 za kazi. Ni zaidi ya miaka 160,000, na hapo hujapumzika hata Jumapili moja. Na bado anamwambia bwana wake, nivumilie, nitalipa yote! Huyo ni mimi na wewe na mipango yetu. Akasamehewa, akatoka nje na daftari lake bado liko mkononi, akamkaba mwenzake kwa dinari 100. Mimi nilitaka Mungu anifutie zile 4,300 huku ile sufuri ya Mama nimeishika kama hati ya shamba.

Nani anabeba hasara?

Kuna jambo moja tulifundishwa darasa la uhasibu ambalo lingefaa kufundishwa kwa madarasa ya ubatizo. Deni likifutwa haliyeyuki. Linatoka kwenye upande wa mteja na kuingia kwenye hasara ya mwenye mali. Ukiona mtu amesamehewa, tafuta: kuna mwingine aliyelipa. Sisi tunajua aliyelipa pale Kalvari, na sitapita hapo haraka kana kwamba ni jambo dogo, lakini wiki hii nataka tuone kwamba hata hapa chini kuna watu wanaoguswa na hasara hiyo.

Soma mstari wa 12. Baba aliwagawia wote wawili mali. Mdogo akachukua yake akaondoka. Kilichobaki nyumbani, kwa hesabu, ni cha nani? Baba mwenyewe anakiri katika mstari wa 31. Basi ule ndama ulionona umetoka kwa fungu la kaka mkubwa! Tumemsema sana huyu kaka, lakini hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu. Karamu ya mdogo inakula urithi wake.

Kwa hiyo sisi tuliobaki tusijifanye hatujui. Mtu akirudi, kuna kitu kinatutoka. Dada aliyeimba sauti ya kwanza miaka minne anaambiwa asogee kidogo. Mzee aliyelipa kodi ya ukumbi wakati wa korona, mwingine akiwa nyumbani akila sadaka yake, sasa anakaa kiti kimoja na huyo mwingine. Inauma. Baba hakumwambia kaka mkubwa kwamba haiumi. Alitoka nje kumsihi, kama alivyotoka kumpokea mdogo. Kaka alikuwa amekataa hata kumtaja kama ndugu, akasema ni mtoto wako. Baba akamrudishia lile neno, ni ndugu yako. Na Luka hatuambii kama aliingia. Paulo kwa Filemoni anafanya vivyo hivyo. Hamwambii asahau alichopoteza kwa Onesimo. Anamwambia aandike deni hilo kwenye hesabu ya Paulo.

Nilivyorudi

Mwaka wa 2019 nilikuwa nimepanga chumba hapa Kawangware, upande wa Congo. Sitasema nilisikia sauti. Nilikuwa nimechoka, na Jumapili zilikuwa ndefu. Kanisa la kwanza nililoingia, silitaji, waliniambia wageni wasimame. Nikasimama peke yangu. Wakapiga makofi, nikaletewa fomu ya kujaza: umeokoka lini, unaishi wapi, nambari ya simu. Niliondoka kabla ya sadaka. Hawakuwa na nia mbaya. Ni vile tu mtu wa njia ya nyuma akimulikwa tochi anakimbia.

Hapa kwetu nilikuja nikiwa nimechelewa. Kwenye benchi la mwisho kulikuwa na Shosho mmoja ambaye wengi wenu mnamjua, naye amenikataza kumtaja. Aliondoa mkoba wake akaniachia nafasi, akaendelea kuimba. Ibada ilipoisha akauliza kitu kimoja, "Kijana, chai utakunywa?" Jumapili nne hakuna aliyeniuliza zaidi ya hapo. Jumapili ya tano mimi mwenyewe nikaomba niombewe. Sikuanguka, sikulia. Najua wengine mlitarajia ushuhuda wa moto. Samahani, huu ndio niliopewa.

Kisha nikaanza kazi. Nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Nilipanga viti, nilibeba spika, nilitoa sadaka ambayo mshahara wangu haukuweza kuibeba. Wote walinisifu isipokuwa Mchungaji. Jioni moja tukifunga ukumbi akaniuliza, "Wewe, unalipa nini?"

Nikamwambia yote, ya Mama na ya zile 4,300. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Viti vitapangwa na wengine. Wewe nenda Kibera."

Nikapiga hesabu, si unajua tena mtu wa biashara. Walawi 6 inasema urudishe kamili na uongeze sehemu ya tano: hiyo ni 5,160. Zakayo alisema mara nne: hiyo ni 17,200. Nikaweka 17,200 kwa bahasha, kwa sababu nilitaka niwe nimemaliza kabisa, mtu asinidai tena. Mama alikuwa ameshahamia nyumbani Vihiga. Nilipompigia kuuliza mchungaji wetu wa zamani anapatikana wapi, aliniambia tu, "Kanisa halipo tena. Mtafute Toi, anauza viatu."

Nilikwenda kwa miguu, Naivasha Road mpaka Dagoretti Corner, nikashika Ngong Road. Nilitaka kwanza nione mahali penyewe. Mnakumbuka Jumatatu ile ya 23 Julai 2018, tingatinga zilipoingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba, shule na makanisa yalikwenda. Mimi niliiona kwa runinga nikala chakula changu. Sasa nilisimama pale nikitafuta mlango tuliokuwa tunaingilia, na kulikuwa na udongo mwekundu uliosawazishwa, na vijana wakicheza mpira. Nilikuwa nimekasirikia jengo miaka kumi, na jengo lenyewe halikuwepo.

Mchungaji nilimpata Toi, amekaa kati ya viatu vya mitumba, anapiga brashi. Nilianza ile hotuba yangu. "Baba, mimi nilikuwa mweka hazina wa..."

"Najua wewe ni nani," akasema. "Kaa."

Nikamwekea bahasha, nikamwambia ni pesa ya kesha. Akaniangalia. "Ile pesa niliilipa mimi. Kesha lilikuwa Ijumaa, wageni wameshaalikwa. Sikuambia mtu."

Nikamuuliza aliitoa wapi. Hakutaka kusema. Niliposisitiza akasema ilikuwa ya karo; msichana wake wa kidato cha kwanza alikaa nyumbani wiki mbili. Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayekuambia bei ya viatu. Kisha akafungua bahasha, akahesabu 4,300, akaziweka mfukoni, akanirudishia zilizobaki. "Hizi ni za Zakayo," akasema. "Mimi sikukutuma kwa Zakayo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili: anifukuze, au aniambie sahau, si kitu. Alichukua ile pesa kwa sababu ilikuwa kitu. Ilikuwa wiki mbili za mtoto wake. Na alikuwa amenisamehe kabla sijaomba, kwa gharama yake, na mimi miaka yote hiyo nimeshukia steji ya mbele ili nisipite Kibera.

Kisha akaongeza, "Na ile orodha tulikosea. Nilimwendea mamako wiki hiyo hiyo, mimi na yule mzee. Tulimwomba msamaha, tukanywa chai. Wewe ulikuwa umeshaenda."

Usiku ule nilimpigia Mama. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Ulikasirika kwa niaba yangu, lakini hukuniuliza kama mimi bado nimekasirika."

Nilimtafuta pia yule binti wa mchungaji. Sasa ni mtu mzima, ana kazi yake. Alinisikiliza. Akasema amesamehe, lakini kuna mtihani alikosa wiki hizo na bado anaukumbuka. Sikuwa na jibu la hilo, na mpaka leo sina.

Nani atangulie?

Kuna mtu wa Mungu ambaye safari yake ya kurudi inatufaa hapa, Askofu Festo Kivengere wa Uganda, aliyefariki hapa Nairobi mwaka wa 1988. Alipokea wokovu akiwa kijana, akasoma, akawa mwalimu, na akamwacha Mungu. Aliporudi kwao Kigezi kufundisha, uamsho ulikuwa umepamba moto, na watu wa kwao walimsema mbele za watu kanisani kwamba atarudi kwa Bwana. Alikasirika, akaenda kunywa. Kilichomvunja mwaka wa 1941 si yale maneno ya kanisani. Ni rafiki yake aliyekuja kwa baiskeli na, badala ya kumhubiria, akamwomba msamaha kwa mambo waliyokuwa wakiyafanya pamoja. Festo alipiga magoti nyumbani kwake siku hiyo. Baadaye yeye pia alipanda baiskeli akaenda mbali kumwomba msamaha Mzungu mmoja aliyekuwa anamchukia. Ona vile jambo lilivyosafiri: mmoja alitangulia kukiri, mwingine akafuata.

Ndiyo maana tangu nianze huduma hapa tumekubaliana kwamba jina la mtu halitasomwa na deni lake mbele ya kanisa, iwe ujenzi, iwe jenereta. Hesabu za kanisa zinabandikwa ukutani kila mwezi; majina ya watu hayabandikwi. Wahudumu wa mlangoni, msimsimamishe mgeni. Msimuulize aliyepotea, "Ulipotelea wapi?" Anajua alipopotelea. Viongozi wa idara, mtu akirudi msimpe kazi kwa miezi mitatu ya kwanza, hata akiomba, hata kama alikuwa mpiga kinanda wetu bora. Najua idara ya muziki hawapendi sheria hii. Mwacheni akae, ale, asikilize. Na ushuhuda wake msiuvute kwa kamba ili kujaza kipindi.

Nawe unayerudi, kurudisha ulichochukua si tiketi ya mlangoni. Mimi nilikaribishwa chai miezi kadhaa kabla sijaenda Toi. Lakini ukishakaa mezani, njia ya Toi itakuita, na ni vizuri uende na mtu. Ila nisikike vizuri hapa: kama wewe ndiwe uliyeumizwa, kama kiongozi alikugusa vibaya au alikupiga au alikutisha, hakuna mtu hapa atakayekutuma kwa huyo mtu kutafuta amani. Njoo kwangu au kwa Mama Mchungaji, na tutakusindikiza polisi.

Kwa vikundi vya nyumbani Jumatano hii: someni Luka 15:25–32 kwa sauti, kila mtu mistari miwili, halafu kila mmoja aseme ni wapi yeye amekuwa kaka mkubwa. Msikimbilie kumsema yule mdogo. Kisha kila mtu achague mtu mmoja aliyekuwa anakaa karibu naye kanisani na sasa hayupo. Mpigie simu kabla ya Jumapili. Usitaje kanisa. Muulize watoto wako vipi, kisha unyamaze. Kikundi cha Gatina, nyinyi mtakutana Alhamisi, mwenye nyumba ana msiba. Na benchi la mwisho Jumapili tuliache wazi upande wa mlango. Shosho amesema mkoba wake atauweka chini.